Sahani za Banda la Matofaa

Jumatatu, 6 Agosti

"Kabla ya sheria kubadilishwa mwaka 1997, watu wetu katika bonde hili hawakuwa na jumuiya. Walikuwa na siri tu." Ndivyo alivyoandika Callum Pybus, mkurugenzi wa tamasha letu la filamu, ukurasa wa pili wa kijarida, chini ya picha yake mwenyewe akiikodolea macho bahari.

Uongo. Uongo wa mchana kweupe!

Callum ana miaka thelathini na mitatu. Alitua Tasmania miaka minne iliyopita kutoka Melbourne, yeye na mbwa anayevaa koti. Mwaka 1982 hakuwa hata wazo kichwani mwa mama yake. Mimi nilikuwapo. Nilikuwa na miaka ishirini na mmoja na buti nilizozipaka rangi nyekundu kwa mkono wangu, rangi ya trekta la baba. Kila Jumamosi ya kwanza ya mwezi nilicheza muziki katika banda la matofaa pamoja na wasagaji na mashoga wenzangu thelathini, wakati wanaume wetu wangeweza kufungwa kwa kupendana. Hiyo siyo siri. Siri haikodi ukumbi.

Ukumbi tuliukodi kwa jina la Klabu ya Mpira wa Vinyoya. Kila mtu alikuja na raketi kwapani. Hatukuwahi kumiliki kinyoya hata kimoja.

Na ushahidi upo! Merv Direen, fundi wa majokofu mstaafu, miaka themanini na mmoja, alikuwa na kamera ndogo ya mkono na alitupiga filamu. Mkanda uko kabatini kwake ndani ya kopo la biskuti. Dakika kumi na moja, rangi kamili, bila sauti. Haujawahi kuoneshwa hadharani.

Mpango: mkanda wa Merv ufunge tamasha Jumamosi ya wiki ijayo, mahali pa filamu ya Callum. Filamu ya Callum inahusu mnara wa taa. Dakika sabini na moja. Hakuna mtu ndani.

Nimemwandikia Callum barua ya kurasa nne. Sentensi inayotia taji: "Sikuwahi kuuficha uso wangu hata siku moja, na anayeuficha uso wake anawasaliti waliouonesha." Noelene, mwenzangu ninayeishi naye mwaka wa thelathini na sita sasa, mtu wa miche na subira, ameisoma akiwa na udongo mikononi. Akafika kwenye sentensi hiyo akasimama. Ameniuliza kama nina hakika nayo. Nikamwambia ndiyo bora kuliko zote.

Akaenda kumwagilia kabichi. Mvua inanyesha.

Jumanne, 7 Agosti

Kwa Merv. Alinifungulia mlango na neno la kwanza lilikuwa, "Kaa kwanza, mama, unahema kama ng'ombe aliyepanda mlima." Nikakaa. Nikahema. Nikadai mkanda.

Merv kasema hakuna shida, ila kuna kanuni, na kanuni ni ile ile ya mwaka 1982. Nilikuwa nimeisahau. Kamera ilipotoka begani mwake, kila mtu alijua la kufanya: asiyetaka kuonekana alikwenda mlangoni akachukua sahani ya karatasi, akaishika usoni, akaendelea kucheza. Walianza kwa kujaribu raketi. Raketi haifichi uso.

Kwa hiyo wenye sahani hawahitaji kuombwa ruhusa, na Merv hatawataja hata umtoe kucha. Mwenye uso wazi lazima akubali mwenyewe, au awe ameshakufa. Nyuso wazi ziko kumi na moja. Saba wamekufa. Watatu wameshakubali kwa maandishi, mmoja akiwa Merv mwenyewe aliyejipiga kwenye kioo. Kabaki mmoja.

Nimecheka kwa sauti. Mmoja! Nikamnyang'anya kalamu, nikatia sahihi yangu palepale, kubwa, na mstari chini.

Merv aliitazama ile sahihi muda mrefu. Akaikunja karatasi, akasema sawa, ataitunza vizuri. Halafu akasema tena kwamba bado kabaki mmoja.

Maskini. Uzee unaanza na hesabu.

Alhamisi, 9 Agosti

Balaa. Barua imefanya kazi.

Nilikuwa nimejiandaa kwa vita ya siku kumi. Nilikuwa na ombi la kutiwa sahihi na watu mia, bango la kusimama nalo mlangoni, na orodha ya watu wa kususia skoni, vile vikeki vya chai vya kamati. Saa tatu asubuhi Callum akapiga simu. Kasema ameisoma barua yangu mara mbili. Kasema nimemfungua macho. Kasema aliandika kwa ujinga na anaona aibu, na mnara wake wa taa unaweza kungoja mwaka mwingine.

Nilimwambia hana haki ya kukubali haraka hivyo. Kuna hoja ya ukurasa wa tatu hata hajaijibu! Akasema hana jibu, dada Roz, nimeshinda.

Nimekaa jikoni nusu saa sina wa kumpiga.

Mchana akaleta bango. Ni kubwa, limechapishwa kwa rangi nzuri, litatundikwa pembeni ya skrini. Halina picha. Lina maneno tu: SIKUWAHI KUUFICHA USO WANGU HATA SIKU MOJA. Chini yake: Roz Haddrick, Banda la Matofaa, 1982. Mengine yamebandikwa kwenye duka la mikate, posta, na mlango wa choo cha baa.

Lazima nikiri limependeza. Nimemwomba moja la kuweka sebuleni. Noelene kasema sebule ni ndogo. Nimelitundika.

Ijumaa, 10 Agosti

Nimeazima mkanda kwa Merv pamoja na projekta yake, kwa ajili ya kuandaa hotuba. Noelene alikuwa sokoni na miche yake. Nikafunga blanketi kwenye dirisha la chumba cha kufulia, nikaelekeza mashine kwenye mlango wa jokofu.

Wakatokea! Banda lile lile, masanduku ya matofaa yamepangwa ukutani, raketi zimerundikwa kwenye kona. Wale saba waliokufa wako hai na wanacheza vibaya. Nililia. Nasema bila haya. Katika filamu za wenye fedha watu wetu hufa dakika ya tisini ili watazamaji wengine wajisikie wema. Katika dakika kumi na moja za Merv hakuna anayekufa. Mtu anamwagikiwa na bia.

Sahani nyingi. Sahani inacheza na sahani. Nikazicheka kidogo.

Dakika ya sita. Kushoto. Msichana wa miaka ishirini na minne, gauni la manjano, uso wazi, anacheka moja kwa moja kwenye kamera kana kwamba kamera ndiyo imesema kichekesho. Noelene! Noelene wangu, mwoga wangu, ambaye miaka yote nasimulia jinsi nilivyomshika mkono nikamtoa kivulini!

Na anayecheza naye.

Buti nyekundu. Rangi ya trekta. Na sahani usoni. Na, kwa kuwa nyuma yao kulikuwa na dirisha, sahani nyingine kisogoni.

Sahani mbili. Katika filamu nzima hakuna mwingine mwenye mbili.

Nimeirudia mara tano. Nimesogea mpaka pua ikagusa jokofu. Kumbukumbu yangu haina sahani. Nakumbuka hewa usoni! Nimeieleza hewa hiyo katika mikutano kumi na minne, na mara zote nimezieleza na buti. Hakuna mtu katika bonde hili, kuanzia mchinjaji hadi kasisi, asiyezijua zile buti.

Bango liko sebuleni. Linanitazama.

Jumamosi, 11 Agosti

Mpango mpya, tena mwepesi. Nimempigia Callum na sauti ya msiba. Nimemwambia mkanda umeingia unyevu, umeota kuvu, dakika ya tano hadi ya nane hazitazamiki, bora tuachane nao kwa heshima ya marehemu.

Callum akasema nisiwe na wasiwasi hata kidogo. Katika dakika ishirini alikuwa mlangoni, na mbwa wake, na koti la mbwa wake. Akauchukua mkanda akaondoka nao kwa gari hadi mjini Hobart kwa mtaalamu anayesafisha mikanda ya zamani na kuinakili.

Kasema anafanya hivyo kwa ajili yangu.

Jumatatu, 13 Agosti

Mkanda umerudi. Callum kaniambia kwa furaha kwamba umesafishwa kiasi kwamba hata kamba za viatu zinahesabika.

Mpango wa pili: kama buti haziwezi kufichwa, ziongezwe. Nimekwenda kwa Faye, nesi mstaafu, rafiki yangu tangu enzi zile. Nikaanza kwa mbali. Nikamkumbusha jinsi mwaka 1982 sote tulivyovaa buti nyekundu. Ilikuwa mtindo. Bonde zima lilikuwa jekundu kuanzia goti kwenda chini.

Faye kasema yeye alikuwa na viatu vyeupe vya wodini. Nikamwambia afikiri vizuri. Kafikiri vizuri. Kasema vilikuwa vyeupe, na kwamba katika bonde lote alikuwako mwendawazimu mmoja tu aliyepaka viatu rangi ya trekta, na mwendawazimu huyo sasa anakula biskuti zake.

Kisha kaniuliza nina nini, mbona nimepauka. Nikasema ni baridi. Kasema, "Usiniugulie kabla ya Jumamosi, shosti. Nimewaambia wajukuu wangu watakuja kukuona ulivyokuwa simba."

Nikala biskuti nyingine nne.

Jumatano, 15 Agosti

Mwishowe nikakumbuka kanuni! Bado kabaki mmoja. Merv hakuwa mzee hata kidogo, alikuwa ananiambia kitu. Uso uliobaki ni wa Noelene. Noelene akikataa, mkanda haurushwi. Wokovu uko mezani kwangu unapaka siagi.

Nimezungumza naye kwa dakika arobaini, kwa hoja. Nimetetea haki ya mtu kutazamwa kwa hiari yake. Nimelaani kamera zote tangu zilipovumbuliwa. Nimesema uso wa mtu ni nyumba yake, na mgeni hubisha hodi. Nilikuwa bora kuliko nilivyopata kuwa; laiti kungekuwa na watu.

Noelene akamaliza mkate wake. Akaniuliza mbona wiki iliyopita niliandika kwamba anayeuficha uso wake ni msaliti. Nikasema muktadha ni tofauti. Akaniuliza kama nimeutazama mkanda. Nikasema kidogo. Akaniuliza kama nimefika dakika ya sita.

Alikuwa anajua. Miaka thelathini na sita! Amekaa safu ya mbele katika mikutano kumi na minne, mikono mapajani, akinisikiliza nikieleza hewa usoni, na hakusema neno.

Nikamuuliza kwa nini. Kasema nilikuwa nasimulia vizuri.

Nikajaribu la mwisho. Nikamkumbusha kilichotokea Desemba ile: mtu alimwona mlangoni mwa banda, mwalimu mkuu akamwita, na muhula uliofuata hakuwa tena mwalimu wa chekechea. Nikasema haifai kufukua maumivu tuliyoyapata tulipofukuzwa kazi.

Akaniambia kwa upole kwamba mimi nilikuwa nafanya kazi kwa baba yangu.

Ni kweli. Nimekuwa nikisema "tulifukuzwa" kwa sababu ya mshikamano.

Halafu akasema, na nayaandika kama alivyoyasema: "Uso ule niliulipia, Roz. Niliulipia kazi yangu na watoto ishirini na wawili walioniita mwalimu. Sasa nataka kuuona ukutani, mkubwa kama nyumba."

Akavuta karatasi ya Merv kutoka kwenye droo. Alikuwa ameshatia sahihi tangu Jumatano iliyopita. Sahihi ndogo. Hakuna mstari chini.

Ijumaa, 17 Agosti

Nimempelekea Merv ombi dogo la kuondoa sekunde arobaini. Kasema mkanda huo haujawahi kuguswa na mkasi, na hautaanza na wangu.

Sawa. Mpango wa mwisho, na ni mzuri kuliko yote. Mkanda hauna sauti. Lazima mtu asimame auelezee. Merv alitaka kuuelezea mwenyewe, lakini kifua kinambana, hivyo nimejitolea. Nitasimama kando ya skrini, upande wa kushoto. Dakika ya sita ikikaribia, nitakuwa nimepandwa na hisia. Nitapiga hatua mbili. Mwili wangu utaziba robo ya skrini, robo yenye buti, na Noelene ataonekana mzima, mkubwa kama nyumba, kama anavyotaka.

Kila mtu atapata haki yake. Hata mimi nimeguswa na wema wa mpango huu.

Noelene amemaliza kunifumia sweta ya kuvaa kesho. Nyeupe pee.

Jumapili, 19 Agosti

Niende hatua kwa hatua.

Jana, saa tisa alasiri. Banda la matofaa limejaa, watu mia moja na sitini, mablanketi magotini, harufu ya pai za kombe wa baharini zenye bizari. Filamu mbili kabla yetu. Ya kwanza: wazee wawili wa kisiwa cha Bruny wanaofuga kome na kugombana juu ya redio. Ya pili: mtu wa mji wa Launceston amempiga filamu bibi yake akijifunza jina jipya la mjukuu huyo, akikosea, akijilaani, akirudia, mpaka jina likakaa mdomoni. Zimetengenezwa kwa kamera za kuazima na pesa za kuuza keki, na zinaishinda kazi yoyote ya studio. Nimesema hivyo kwa sauti wakati zinaendelea. Nikaambiwa nyamaza.

Kisha Merv akakataa nakala ya Hobart. Kasema mashine lazima ipige kelele, bila kelele siyo filamu. Akawasha projekta yake katikati ya banda. Nikasimama kushoto. Kulia kwa skrini, bango langu.

Dakika tano za kwanza nilikuwa motomoto. Niliwataja wale saba kwa majina, na kila jina watu walisema "yupo". Sahani zilipopita, sikuzitaja, kwa mujibu wa kanuni. Watoto walicheka. Wazee hawakucheka.

Dakika ya sita. Hatua moja. Hatua mbili.

Sikuwa nimelifikiria jambo moja, nalo ni mwanga. Mtu akisimama mbele ya skrini picha haiendi kokote. Inamwangukia yeye. Nilikuwa nimevaa sweta nyeupe pee, na picha ikakaa juu yangu vizuri kuliko ilivyokuwa inakaa kwenye turubai. Sahani ikaja usoni pangu. Pangu! Duara jeupe kuanzia kipaji hadi kidevu. Na chini kwenye magoti, zinarukaruka, buti.

Merv akapiga kelele: "Roz! Toka kwenye mwanga, mama, wewe siyo ukuta!"

Faye akapiga kelele zaidi: "Buti! Jamani, buti za trekta!"

Nikaruka pembeni. Nikaangukia bango. Bango likaniangukia.

Na kwenye skrini, bila wa kumziba tena, Noelene. Gauni la manjano. Mkubwa kama nyumba. Kicheko cha banda zima kikakatika kama kilichofungwa bomba. Anacheka, anageuka, anacheka tena. Wakati ule watu walikuwa wanafungwa, na yeye hakuwa na kitu usoni isipokuwa jasho. Nikiwa pale chini, nimefunikwa na maneno yangu mwenyewe, nilimwona vizuri kuliko wote.

Mkanda ukaisha. Kisha mzee wa safu ya tatu, aliyekuwa tarishi wa posta miaka arobaini, ambaye mimi nilidhani amekuja kwa ajili ya pai, akasimama kwa fimbo yake. Kasema sahani ya tatu kutoka kulia, iliyokunjika ukingo, ni yeye. Akakaa. Mkewe akamshika mkono. Inaelekea alikuwa anajua.

Mama mmoja akasimama. Kasema sahani iliyomwagikiwa na bia ni yeye. Mwingine nyuma akasimama. Kisha Faye, katikati ya wajukuu wake. Kasema viatu vyeupe, sahani nyeupe, na kwamba alikuwa na wodi nzima ya kupoteza. Watu sita wakasimama. Hakuna aliyepiga makofi. Ilikuwa kubwa mno kwa makofi. Watu wazima walikuwa wanapenga kwenye mablanketi.

Wote sita wakanigeukia.

Callum, kwa ile sauti yake laini ninayoichukia, akauliza kama mwenye buti yumo bandani, na kwamba asijisikie analazimishwa.

Nilikuwa na nafasi. Mlango ulikuwa wazi, mia na sitini wameushikilia kwa ajili yangu. Nikasimama, nikajikung'uta bango, nikafungua mdomo. Nikajisikia nikisema kwamba buti hizo niliziazimisha.

Nani? aliuliza Faye.

Msichana mmoja, nikasema. Wa Launceston. Alihama.

Mjukuu wa Faye akamgeukia Noelene akamuuliza, yeye aliyecheza naye si anamkumbuka? Ni nani yule mwenye buti?

Noelene alinitazama. Angeweza kunimaliza kwa neno moja, jina langu tu. Akasema, "Huyo? Huyo ndiye niliyeondoka naye siku ile. Na sijajuta."

Hapo ndipo makofi yalipolipuka! Paa lilitikisika. Na mimi nikapiga, nimefurika machozi, mzuri kiasi gani ule usemi. Nilipiga makofi kwa muda. Kisha nikaanza kufikiri.

Nikaacha kupiga makofi.

Jumatatu, 20 Agosti

Usiku mzima nimegeukageuka. Kama buti zilikuwa za msichana wa Launceston, basi Noelene aliondoka na msichana wa Launceston. Kama Noelene aliondoka na mimi, basi sahani mbili ni zangu. Nimejenga nyumba yenye milango miwili na yote imepigwa misumari.

Noelene haonekani kuteseka. Asubuhi kaniuliza kama msichana wa Launceston anataka chai. Baadaye kaomba msichana wa Launceston ampitishie chumvi. Kasema ameishi naye miaka thelathini na sita na hana malalamiko, ila anaongea sana.

Saa nne kikaja kijarida kipya. Callum kaandika: "Jumamosi tuliona ujasiri na hofu vikicheza pamoja, na hatukuweza kujua kipi kilikuwa kinakishika kipi." Nimeambiwa watu wameibandika sentensi hiyo kwenye majokofu yao.

Uongo! Hofu ipi? Ya nani?

Na hapo, Mungu ashukuriwe, ukaja mlango wa tatu. Nimeshangaa sikuuona mapema. Kweli buti ni zangu. Kweli miguu ni yangu. Noelene aliondoka na mimi, iandikwe, isomwe! Lakini nani kasema sahani ilikuwa ya kuficha uso? Mtu hushika sahani kwa sababu gani? Nilikuwa nakula. Nilikuwa nimeinua sahani nilambe makombo, tabia ya nyumbani kwetu.

Noelene amesoma rasimu ya barua yangu mpya. Kasema hapakuwa na chakula katika banda lile hata siku moja. Kasema sahani alizinunua yeye mwenyewe, pakiti ya hamsini, kwa ajili ya nyuso. Nimemwambia kumbukumbu ni kitu kigumu na ya kwake ina mapengo. Kacheka mpaka akashika meza, kicheko kile kile cha gauni la manjano, akarudi kwenye miche yake.

Barua inaondoka na posta ya mchana. Kurasa sita. Inamalizikia hivi:

Kwa hiyo nakutaka wewe, Callum Pybus, na ninyi wajumbe wanne wa kamati, mchapishe kabla ya Ijumaa, ukurasa wa kwanza na siyo wa pili, kwamba Roz Haddrick alikuwa anakula keki, na kwamba sahani ya kisogoni ilikuwa ya kuongezewa. Na ninyi sita mliosimama Jumamosi mbele ya watu wote: mlikuwapo, mnanijua. Keki ilikuwa ya ndizi. Andikeni kwamba mliionja. Andikeni leo, kila mmoja kwa mkono wake na kwa majina yake kamili, na asiwepo hata mmoja wenu atakayejificha.